Unapangisha nyumba Dar kwa mara ya kwanza? Anza hapa

Maswali ni yaleyale kila siku. Nimemaliza vyumba vinne Chamazi, nipangishe bei gani? Mpangaji anadaiwa miezi miwili, nimng'olee mlango? Mita moja ya umeme wa LUKU watu watano tunagawanaje? Dalali anataka hela kwa mpangaji na kwangu pia, ni haki? Sasa badala ya kumjibu kila mtu peke yake naandika yote sehemu moja, shemeji yako akikuuliza na wewe mtumie.

Huu mwongozo ni wa mwenye nyumba mdogo. Yule mwenye vyumba vitatu mpaka nane, au nyumba ya familia aliyoachiwa, au apatimenti mbili tatu kule Goba, Kinyerezi au Kigamboni, anasimamia mwenyewe na bado asubuhi anawahi kazini kwake. Mwenye maghorofa Masaki ana wakili na meneja, hanihitaji.

Kitu kimoja nikwambie mapema maana ndicho kinachoangusha wengi. Hapa mjini tunapokea kodi kwa mkupuo, miezi mitatu, sita, wengine mwaka. Ile hela ukiipokea leo hujaipata leo, ni ya miezi ambayo mpangaji bado hajakaa. Ukiila yote wiki hiyohiyo, mwezi wa tatu pampu ikifa unaanza kukopa na mpangaji anaanza kukuona tapeli.

KABLA HUJAANZA, UWE NA HIVI

- Karatasi za umiliki: hati, leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa serikali ya mtaa. Kama nyumba ni ya mirathi, awepo msimamizi wa mirathi anayetambulika na ndugu wakubaliane nani anapokea kodi. Nyumba nyingi za Kariakoo, Ilala, Temeke zimeingia vurugu hapahapa, mpangaji anapigiwa simu na kaka mtu Jumatatu na dada mtu Jumanne, wote wanataka kodi ileile.
- TIN, namba yako ya mlipakodi.
- Namba ya simu au akaunti ya benki ya nyumba tu. Isiwe ile unayonunulia vocha na kutumia watu michango ya harusi.
- Fundi bomba na fundi umeme unaowajua kwa kazi zao, siyo uliookota jana.
- Daftari. Simu inaibiwa, daftari linabaki kabatini.
- Akiba isiyopungua kodi ya mwezi mmoja ya nyumba nzima. Kama huna, subiri kwanza, usianze na sifuri.

HATUA ZENYEWE

1. Piga hesabu ya mwaka, siyo ya mwezi.

Tuseme una vyumba vinne self, kila kimoja 120,000. Kwa mwezi ni 480,000, kwa mwaka 5,760,000, hapo ndipo watu wanapoanza kuangalia bei za gari la IST. Tulia. Toa mwezi mmoja ambao kila chumba kitakaa kitupu kati ya mpangaji anayetoka na anayeingia, 480,000. Toa asilimia 10 ya matengenezo, 576,000. Toa asilimia 10 ya kodi ya TRA kwenye pango, 576,000. Ushuru wa stempu wa mikataba ni asilimia 1, 57,600. Kodi ya majengo 18,000. Inabaki 4,052,400, ukigawa kwa 12 unapata 337,700 kwa mwezi. Hiyo ndiyo hela yako. Kama ulijenga kwa mkopo na rejesho ni 400,000 kwa mwezi basi ujue nyumba haijilipi, unailipia kutoka kwenye mshahara, na si dhambi ila ujue mapema usije ukashangaa.

2. Tenganisha umeme.

Kama utafanya jambo moja tu katika yote ninayoandika hapa, fanya hili. Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga za Dar hauanzii kwenye kodi, unaanzia kwenye LUKU. Mita moja vyumba vitano: mwenye friji anaambiwa atoe zaidi, anasema friji lake dogo halili umeme. Wa chumba cha nyuma anasema yeye wikiendi halali hapo. Mama mwenye watoto anapiga pasi sare kila asubuhi. Umeme ukikatika saa nne usiku kila mtu anajifungia ndani kimya anasubiri mwenzake anunue, na asubuhi unapigiwa simu wewe, "baba mwenye nyumba, hapa tumelala giza".

Njia bora ni kila chumba na mita yake ya TANESCO. Ni gharama ndiyo, na kwa nyumba ya zamani lazima fundi apange upya waya, lakini unalipa mara moja. Ukishindwa weka sabmita (mita ndogo ya ndani) kila chumba, zinasomwa siku moja ya wiki mbele ya wote, zinaandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, kila mtu anachangia uniti zake. Kuna sababu nyingine pia: kiwango cha matumizi madogo cha TANESCO kinaishia uniti 75 kwa mwezi, mkichangia mita moja mnavuka haraka na bei ya uniti inapanda kwa wote, hata kwa yule mwenye taa moja na chaja.

Halafu kodi ya majengo. Tangu 2021 inakatwa ndani ya LUKU, na 2023 ikapandishwa kutoka 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa. Mwenye wajibu ni wewe mwenye nyumba, ila anayekatwa ni mpangaji aliyenunua umeme. Mrudishie au mpunguzie kwenye kodi ya chumba, ni hela ndogo, usiigombanie. Jengo moja likiwa na mita nne angalia isije ikawa inakatwa kwenye zote, ikikatwa peleka namba za mita TRA au TANESCO warekebishe.

3. Maji na choo.

Bili ya DAWASA ikiwa moja, gawa kwa vichwa siyo kwa vyumba, maana chumba cha mtu mmoja na chumba cha watu watano havitumii sawa. Weka tanki, hata la lita 1,000, mgao ukija utashukuru. Kama una kisima na maji yana chumvi (maeneo mengi ya Dar ndiyo hivyo) mwambie mpangaji kabla hajalipa, na bajeti ya koki iwe juu kidogo kwa sababu chumvi inazila.

Shimo likijaa nani analipa gari la kuvuta? Andika kwenye mkataba. Mimi nasema mwenye nyumba alipe, maana ukiwaachia wapangaji wachangishane watachangishana mpaka linafurika.

4. Panga bei kwa miguu.

Usipange bei kwa sababu tofali lilikula hela nyingi, mpangaji halipi tofali. Tembea mtaani kwako uulize vyumba vitatu vinne vinavyofanana na chako vinapangishwa bei gani, na hasa vimekaa wazi muda gani. Kinachopandisha bei Dar ni umbali wa kituo cha daladala au mwendokasi, maji ya uhakika, LUKU ya peke yake, geti, na gari au bodaboda kufika mlangoni hata wakati wa mvua. Gipsamu na taili zinakuja baadaye. Chumba cha kawaida Kimara karibu na kituo kinaweza kupata mtu kabla ya chumba kizuri kilichojificha bondeni kilomita mbili ndani.

Na bei iwe kwa shilingi. Kanuni zilizotoka 2025 zimekataza kutangaza na kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo habari ya "dola mia tatu" achana nayo.

5. Dalali.

Utamhitaji, usijidanganye. Mazoea ya Dar ni mpangaji kumlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, na hela kidogo ya kuzungushwa kuonyeshwa. Akitaka na kwako ni makubaliano yenu, siyo sheria. Lakini shika haya matatu: usimwachie funguo moja kwa moja, usikubali apokee kodi kwa niaba yako, na mwulize mpangaji mwenyewe ameambiwa bei gani. Wewe umesema 120,000, yeye huko anasema 150,000, tofauti inaishia mfukoni kwake na mpangaji anaingia ndani anakuchukia wewe.

6. Chuja mpangaji.

Uliza anatoka nyumba gani, kwa nini anahama, anafanya kazi wapi, wataishi wangapi. Chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA na namba ya mdhamini anayepokea simu. Ukiweza ongea na mwenye nyumba wake wa zamani, ila uliza swali la maana, siyo "ni mtu mzuri?". Uliza "akirudi leo utampa chumba?" halafu sikiliza atakavyovuta pumzi.

Kabila na dini hazilipi kodi, usichuje kwa hizo. Wapo pia wenye nyumba hawataki dada anayeishi peke yake, mimi naona ni upuuzi, wengi wao ndio wanaolipa kabla ya tarehe. Wa kumwogopa ni yule anayetaka kuhamia leoleo usiku, hela anayo mkononi, hataki maswali na hataki kwenda serikali ya mtaa. Mpangaji mpya apelekwe kwa mjumbe au mwenyekiti ajulikane, hiyo inakulinda na wewe likitokea jambo.

7. Mkataba.

Wa maandishi, hata kama ni mtoto wa shangazi. Hasa kama ni mtoto wa shangazi. Uwe na majina kamili na namba za NIDA, chumba gani, kodi kiasi gani, imelipwa ya kuanzia tarehe ipi mpaka ipi, dipoziti na masharti ya kuirudisha, nani analipa umeme, maji, taka na ulinzi, mwisho watu wangapi wanakaa, haruhusiwi kumpangishia mtu mwingine, na notisi ya kutoka ni siku ngapi kwa kila upande (siku 30 inatosha). Sahihi zenu, shahidi wa kila upande, mhuri wa serikali ya mtaa.

Kisha lipia ushuru wa stempu TRA. Watu wanaruka hapa kwa sababu asilimia 1 inauma, halafu siku ya kesi mkataba hauna stempu, baraza haliupokei kama ushahidi mpaka ulipie, tena na faini juu.

8. Makabidhiano.

Hii hatua ni ya dakika kama ishirini na watu wengi hawaifanyi kabisa. Siku ya kukabidhi ingieni wote chumbani kikiwa kitupu, washa kamera ya simu rekodi video, sema tarehe kwa sauti. Anza mlangoni, kitasa kinafunga mara mbili? Fungua koki zote kwa pamoja ziache zitiririke, angalia chini ya sinki kama kuna tone. Vuta choo, subiri kijae, vuta tena. Washa kila swichi, chomeka chaja kwenye kila soketi. Inua macho kwenye pembe za dari utafute ile alama ya kahawia ya maji, ikiwepo irekodi na umwambie ni ya lini. Wavu wa dirishani umechanika? Hesabu funguo. Piga picha mita ya umeme na ya maji. Mtumie mpangaji video hiyohiyo WhatsApp palepale, naye ajibu "nimeiona". Siku anatoka mnaitazama pamoja, na ugomvi wa dipoziti unakwisha kabla haujaanza.

9. Igawe kodi siku ileile imeingia.

Mpangaji kalipa miezi sita, 720,000, na dipoziti 120,000. Dipoziti iweke pembeni usiiguse, siyo yako, ni yake mpaka atoke. Kwenye 720,000 toa 72,000 ya TRA na 72,000 ya matengenezo. Inabaki 576,000. Gawa kwa sita ni 96,000, na hiyo ndiyo unajihamishia kila tarehe 1, kama mshahara. Hela nyingine ikae kwenye akaunti ya nyumba. Mpangaji akihama mapema kwa sababu ya msingi mkakubaliana umrudishie miezi miwili, hela ipo. Bati likivuja, hela ipo.

Na msipange mikataba yote iishe mwezi mmoja. Wengi wanapangisha vyumba vyote Januari, kwa hiyo Julai wanapokea milioni kadhaa kwa wiki moja, na wakihama watatu pamoja nyumba inakuwa gofu. Mmoja mpe miezi mitatu ya mwanzo, mwingine sita, tarehe zitapishana zenyewe. Hela inaingia mwaka mzima na chumba kinakaa kitupu kimoja kimoja.

Kila malipo yapite benki au kwenye simu, na risiti utoe. Taslimu mkononi haina kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu inakuwa fupi akiwa anadaiwa. Mpangaji akiwa kampuni au ofisi atakukata asilimia 10 ya kodi ya zuio kabla ya kukulipa, hiyo ni kawaida, ila mdai cheti cha makato usije ukalipa tena.

10. Matengenezo kabla ya mvua.

Masika yanaanza Machi, vuli Oktoba. Februari na Septemba panda juu ya bati, au mpandishe fundi: misumari iliyolegea, majani kwenye mifereji ya paa, kutu (karibu na bahari inakuja mapema). Fungua chemba, safisha mtaro wa mbele hata kama ni wa jirani. Kama nyumba iko bondeni, upande wa Msimbazi kwa mfano, usimfiche mpangaji kwamba maji yanafika.

11. Kupandisha kodi.

Mkataba ukiisha tu, siyo katikati, na umpe taarifa ya maandishi mapema. Kabla hujapandisha piga hesabu: ukiongeza 10,000 kwa mwezi unapata 120,000 kwa mwaka. Mpangaji mzuri akihama na chumba kikakaa mwezi mmoja kitupu umepoteza 120,000 hiyohiyo, bado rangi na kitasa kipya.

MAKOSA YANAYOGHARIMU

Kumng'olea mpangaji mlango au bati, kumkatia umeme, kumfungia kufuli vitu vikiwa ndani. Najua inatia hasira mtu anakaa bure kwenye jasho lako, lakini ukifanya hivyo wewe unayedai unageuka kuwa mshtakiwa, na akisema ndani kulikuwa na laptop mbili na dhahabu utathibitishaje hazikuwepo?

Kuingia chumbani mtu hayupo. Nyumba yako ndiyo, lakini ukishampangishia pale ni kwake. Piga simu kwanza.

Kuongeza chumba uani bila kuongeza choo. Vyumba vinaongezeka, shimo ni lilelile, halafu unashangaa linajaa kila baada ya miezi miwili.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Hajalipa. Usisubiri miezi mitatu ndipo upige kelele. Wiki mbili kabla ya kodi kuisha tuma ujumbe: "Habari za leo baba Jamila, kodi yako inaisha tarehe 30, naomba tuwasiliane kama unaendelea." Tarehe ikipita, kesho yake mwandikie tena. Akisema "mama, nivumilie mwisho wa mwezi", mwambie sawa, ila aandike kiasi na tarehe. Ahadi ya kwanza ikivunjika toa notisi ya maandishi ya siku 30, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, apokee kwa sahihi. Zikiisha hajalipa wala hajatoka, nenda Baraza la Kata wawasuluhishe. Tangu sheria ibadilishwe 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui, wakishindwa unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na hapo ndipo mkataba wenye stempu, daftari na ujumbe wa simu vinapokusaidia. Wakati mwingine ni bora umsamehe mwezi mmoja aondoke kwa amani wiki hii, kuliko kesi ya miezi huku chumba hakiingizi. Si kushindwa, ni hesabu.

Ametoroka, vitu vimebaki. Usiviuze. Mwite mwenyekiti au mjumbe na majirani wawili, fungueni pamoja, orodhesheni kila kitu, wote mweke sahihi, piga picha, vihifadhi. Mtafute kupitia mdhamini.

Amempangishia mtu mwingine bila kukwambia. Ongea na wote wawili siku moja. Huyo mpya kama anaeleweka mwandikie mkataba wake, wa zamani funga hesabu zake.

Chumba kinakaa wazi zaidi ya mwezi. Kwanza nenda kakinuse, chumba kilichofungwa Dar kinatoa harufu ya unyevu na mteja anageukia mlangoni. Fungua madirisha, piga rangi nyeupe, weka taa inayowaka, piga picha asubuhi mwanga ukiwepo. Ongeza dalali wa pili. Ikishindikana shusha 10,000, usikae na bei ya heshima na chumba cha buibui.

Wapangaji hawasemezani. Usiwe hakimu wa nani kamwaga maji ya dagaa mlangoni kwa nani. Bandika zamu ya usafi ukutani, kelele mwisho saa nne usiku, anayerudia kosa baada ya kuonywa kwa maandishi mkataba wake hauongezwi.

Umepata mteja wa kuinunua nyumba na mpangaji bado yumo. Mwambie mpangaji kwanza, kabla hajasikia kwa dalali. Mwonyeshe mnunuzi mkataba na kodi iliyokwishalipwa mbele, kisha kubalianeni kwa maandishi miezi iliyobaki mpangaji anaimalizia pale au anarudishiwa hela yake, na dipoziti inahamia kwa mnunuzi au inalipwa siku hiyo ya mauziano, mbele ya wakili.